Picha ya Kifua Yahitaji Msomaji

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Methali hiyo yafaa kukumbukwa wakati huu ambapo programu za kompyuta za kuing'arisha picha ya eksirei, na nyingine za kuisoma kabisa, zinasifiwa kuwa ndizo tiba ya uhaba wa madaktari wa kuzisoma picha hizo. Sina nia ya kuzibeza. Nataka tu kuuliza swali ambalo mtu wa isimu hujiuliza kila siku kuhusu maandishi, na ambalo naona linaihusu picha ya kifua vilevile: kusoma ni nini? Swali hili si mchezo wa darasani. Kwa mkazi wa Kibera au Kawangware ambaye mapafu yake yameanza kuliwa polepole, jibu lake laweza kuamua kama atapata dawa mapema au ataendelea kuwaambukiza wanawe ndani ya chumba cha futi 10 kwa 10.

Vitongoji hivi viwili nimevitaja kwa makusudi. Kibera, ambayo jina lake limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilikaliwa na askari Wanubi wa jeshi la Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Leo msitu huo ni wa mabati, na ukisimama Laini Saba au Gatwekera ni shida kuona upenyo wa upepo baina ya nyumba na nyumba. Kawangware, upande wa Dagoretti, hali ni iyo hiyo: ploti moja ina vyumba vingi, na katika chumba kimoja familia nzima hupika, hula na hulala. Kifua kikuu nacho ni ugonjwa wa hewa. Bakteria wake, ambao Robert Koch aliwatangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, hurushwa na anayekohoa na kupokewa na anayevuta pumzi karibu naye. Penye watu wengi na hewa finyu, ugonjwa huu hauhitaji msaada mwingine.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kukisia. Mwaka 2016 ulifanyika nchini uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu ulioshirikisha watu 63,050 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ilibainika kwamba katika kila watu 100,000 wa umri huo, 558 walikuwa na kifua kikuu kilichothibitishwa katika maabara. Mijini idadi hiyo ilipanda hadi 760, na kundi lililoathirika kuliko mengine lilikuwa la miaka 25 hadi 34, yaani watu wanaofanya kazi na kulea watoto. Lakini lililo muhimu kwa hoja yetu ni hili: kati ya wagonjwa 305 waliogunduliwa, ni asilimia 48 pekee waliosema kuwa wamekohoa kwa zaidi ya majuma mawili, ilhali asilimia 88.2 picha zao za kifua zilionyesha mambo ya kutiliwa shaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema Waswahili. Hapa, hata hivyo, wengi hawakuwa wamemficha mtu chochote. Maradhi yenyewe ndiyo yaliyojificha, na picha ikayaona kabla ya mwenye mwili kuyahisi.

Ikiwa picha yaweza kuona namna hiyo, ugumu uko wapi? Uko katika hali ya picha yenyewe. Wilhelm Röntgen aliigundua miali hii tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani. Kwa kuwa hakujua ni kitu gani, akaipa herufi X, kama wafanyavyo wanahisabati kwa idadi isiyojulikana. Wajerumani baadaye waliiita kwa jina lake, Waingereza wakabaki na X yao, nasi tukaipokea kwa masikio tukasema eksirei, ingawa wapo wanaopendelea neno uyoka. Ile herufi ya kisichojulikana ingali inafaa. Kinachonaswa na mashine si mapafu bali ni kivuli chake. Hewa huipitisha miali, kwa hiyo mapafu yenye afya hutokea meusi. Mfupa huizuia, nao hutokea mweupe. Maji, usaha na makovu hutokea kijivu cha namna namna. Mbavu, mitulinga, moyo na mishipa ya damu vyote hulazwa juu ya ubapa mmoja, kama barua nyingi zilizoandikwa juu ya karatasi moja. Kisha kifua kikuu cha watu wazima hupenda hasa sehemu ya juu ya mapafu, pale pale ambapo mtulinga na mbavu za kwanza hupishana.

Zamani picha hii ilikuwa filamu iliyoning'inizwa mbele ya taa. Siku hizi ni jedwali kubwa la tarakimu. Kila nukta ina namba inayoeleza ni miali kiasi gani iliyofika mahali pale. Mashine nyingi hubainisha ngazi 4,096 au zaidi baina ya weusi na weupe, ilhali kioo cha kawaida cha kompyuta huonyesha ngazi 256 tu. Kwa hiyo, kabla daktari hajaona chochote, programu imekwisha kuamua ni ngazi zipi zionyeshwe na zipi zifumbwe. Asidanganyike mtu kwamba picha anayoiona kiooni ndiyo kauli kamili ya mashine. Ni sehemu tu ya kauli hiyo, nayo imechaguliwa.

Programu za kuing'arisha picha huiendeleza kazi hiyo ya kuchagua. Njia moja huigawa picha katika viraba vidogo, kisha ndani ya kila kiraba huikuza tofauti ya weusi na weupe ili kivuli hafifu kijitokeze. Nyingine hukoleza kingo za vitu. Nyingine hufuta zile chembechembe ambazo hutokea picha inapopigwa kwa miali michache. Ya ajabu zaidi ni ile inayozififiza mbavu. Mwaka 2006 Kenji Suzuki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha njia ya kuifundisha kompyuta, kwa kuionyesha picha za mfano, ili ikisie kivuli cha mifupa katika picha ya kawaida na kukiondoa, mapafu yakabaki kama chumba kilichotolewa makabati. Kwa daktari aliyekwisha kutazama makumi ya picha tangu asubuhi, na macho yakaanza kuchoka, msaada huo si haba.

Lakini hakuna sabuni inayotoa uchafu tu. Kingo zikikolezwa kupita kiasi, mishipa ya damu ya kawaida huonekana kama nyuzi za ugonjwa. Chembechembe zikifutwa ovyo, dalili nayo yaweza kufutika. Ipo aina ya kifua kikuu ambacho husambaa mwilini kwa njia ya damu na kutia katika mapafu nukta ndogo ndogo zenye upana wa milimita 1 hadi 3. Madaktari waliipa jina kutokana na neno la Kilatini la nafaka ndogo kama ulezi, kwa sababu mapafu huonekana kana kwamba yamemwagiwa nafaka hiyo. Kwa programu isiyorekebishwa vyema, ulezi huo na uchafu wa picha vyaweza kuwa kitu kimoja. Na aina hiyo ya ugonjwa, isipotibiwa, huua.

Wanafunzi wa fasihi yetu ya kale watanielewa upesi. Tenzi za karne zilizopita ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Katika hati hizo, kama zilivyotumiwa zamani, herufi ba ilibebeshwa sauti tatu za Kiswahili: b, p na mb. Neno lililoandikwa kwa ba, alifu na ta laweza kuwa bata, laweza kuwa pata, na laweza kuwa mbata. Chukua basi muswada uliofifia, uupige picha kwa kamera bora, kisha uung'arishe kwa programu mpaka kila nukta ya wino ionekane. Umepata faida kubwa. Sasa unajua kwamba nukta ni moja nayo iko chini ya herufi, kwa hiyo hiyo ni ba, wala si ta, wala si nun. Lakini bado hujajua kama mtunzi anamzungumzia ndege wa majini, au kupata mali, au nazi iliyokauka. Hayo utayajua kwa kuijua lugha, vina na mizani, na kwa kuyajua maisha ya watu wa pwani. Programu imemaliza shughuli ya wino. Shughuli ya maana ingali inamngoja msomaji.

Kivuli katika pafu ni ba ya namna hiyo hiyo. Chaweza kuwa kifua kikuu cha sasa. Chaweza kuwa kovu la kifua kikuu kilichopona miaka kumi iliyopita. Chaweza kuwa nimonia, na chaweza kuwa saratani. Ukiking'arisha utakiona vizuri zaidi, nacho hakitakuambia jina lake. Anayeweza kukipa jina ni yule anayejua kwamba mgonjwa huyu alitumia dawa za kifua kikuu hapo awali, kwamba amepungua uzito tangu mwaka jana, au kwamba jirani wa mlango wa pili yuko katika matibabu. Katika isimu tunaviita vitu hivyo muktadha, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huambiwa kwamba neno halina maana kamili nje ya muktadha wake.

Wapo waliokwenda mbele zaidi, wakaunda programu ambazo hazimng'arishii msomaji picha, bali huisoma zenyewe na kutoa alama. Mojawapo ni CAD4TB kutoka Uholanzi, ambayo hutoa alama kuanzia 0 hadi 99. Kadiri alama inavyopanda ndivyo uwezekano wa kifua kikuu unavyokuwa mkubwa. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za aina hii zaweza kutumiwa badala ya msomaji binadamu katika kuwachuja watu wa miaka 15 na zaidi. Hapa kwetu, picha zile zile za uchunguzi wa 2016 zilipewa CAD4TB izisome, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022 na watafiti wakiongozwa na Brenda Mungai. Picha 61,848 zilifaa kusomwa. Kwa makadirio yao, mstari wa kukata ukiwekwa kwenye alama 55, programu huwanasa wagonjwa 95 katika kila 100, na huwaruhusu kwenda zao asilimia 83.3 ya wasio wagonjwa. Hayo ni mafanikio, na asiyeyakubali ana ukaidi wake.

Hata hivyo tufanye hesabu ambayo mwalimu yeyote wa shule ya upili aweza kuiandika ubaoni. Tuchukue watu wazima 1,000 wa mjini. Kwa kiwango cha 760 katika 100,000, wagonjwa miongoni mwao ni kama 8, na programu itawanasa karibu wote. Waliosalia 992 hawaumwi, lakini asilimia 16.7 yao wataupita ule mstari. Nao ni watu wapatao 166. Jumla ya watakaoambiwa kwamba picha zao zina shaka ni 174, na wagonjwa wa kweli ndani yao ni wale 8, yaani mmoja katika kila 22. Alama ya mashine, basi, ni mwito wa kwenda kupimwa makohozi. Haijawa hukumu. Mtu wa Kawangware akitoka kituoni akidhani kuwa mashine imekwisha kumhukumu, aweza kuhamishwa kitanda na nduguze, kukwepwa na majirani na kupoteza kibarua chake, na yote hayo kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine linalotugusa hasa. Programu ilikosea zaidi, kwa kuwashuku wasio wagonjwa, ilipowasoma wazee na watu waliowahi kuugua kifua kikuu. Sababu si ngumu kuifikiria: kovu la jana hufanana na jeraha la leo. Mahali ambapo ugonjwa huu umekaa vizazi na vizazi, makovu ya namna hiyo si ya kutafuta kwa taa. Watafiti wakashauri kwamba mstari wa kukata usiwe mmoja kwa watu wote, bali ulingane na hali ya mtu. Kwa maneno mengine, hata mashine imehitaji kufundishwa muktadha, na wa kuifundisha ni binadamu.

Najua nitapingwa. Nitaambiwa kwamba wataalamu wa radiolojia ni wachache na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Picha ya mtu wa Kibera ikiyangoja macho yao siku nyingi, atakuwa amekwisha kuwaambukiza wengine. Je, si afadhali alama ya mashine leo kuliko ripoti ya daktari mwezi ujao? Nakubali kwamba ni afadhali. Fauka ya hayo, binadamu naye si msomaji asiyekosea. Tangu miaka ya 1940 imejulikana kwamba wasomaji wawili hutofautiana juu ya picha moja, na kwamba hata msomaji mmoja hutofautiana na kauli yake mwenyewe akiletewa picha ile ile siku nyingine. Ninalolikataa ni dhana kwamba kwa kuwa mashine inasoma, hatuhitaji tena kufundisha wasomaji. Katika uchunguzi ule wa 2016 walikuwapo maafisa wa kliniki waliofundishwa kuzisoma picha za kifua. Hao ndio wanaofanya kazi karibu na wananchi. Programu ikiwekwa mikononi mwao, itawaongezea uwezo. Ikiwekwa mahali pao, tutabaki na alama zisizo na wa kuzieleza.

Naona, basi, mambo matatu ya kudai. La kwanza ni kwamba tarakimu za asili za kila picha zihifadhiwe kando ya ile iliyong'arishwa, ili anayetilia shaka aweze kurudi kwenye chanzo, kama mhakiki anavyourudia muswada anapolitilia shaka toleo lililochapishwa. La pili ni kwamba kila alama iwe na mtu anayeibeba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Haki hiyo haina budi kufika hadi mlango wa chumba cha eksirei, na mgonjwa aweze kuuliza: ni nani aliyeisoma picha yangu?

La tatu linatuhusu sisi watu wa lugha. Ripoti ya picha ya kifua huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kitabibu ambacho hata aliyehitimu chuo kikuu hukitolea macho. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mgonjwa wa Kibera hupokea bahasha ambayo hawezi kuifumbua maana yake. Si kwamba maneno hatuna. Tunayo kivuli, doa, kovu, tundu, maji ya kifua, pafu la kulia na la kushoto, sehemu ya juu na ya chini. Sentensi moja yatosha: "Kuna kivuli sehemu ya juu ya pafu la kulia, huenda ni kovu la zamani, pimwa makohozi ili tujue." Sentensi hiyo ina jambo lililoonekana, ina shaka, na ina hatua ya kufuata. Alama 61 haina hata moja kati ya hayo.

Kuna sababu nyingine ya kuwathamini watu kuliko vyombo. Mwaka 2021 Ushirikiano wa Stop TB na shirika la USAID ulianza kuzipelekea nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, mashine ndogo za eksirei za kubebeka pamoja na programu zake. Ilipofika mwaka 2025, Marekani ikaifunga USAID. Kabla ya hapo, mwaka 2017, madaktari wa MSF, waliokuwa wameuguza Kibera tangu miaka ya 1990, waliikabidhi kaunti kituo cha afya cha Kibera Kusini. Siwalaumu, mgeni huja akaondoka. Leseni ya programu nayo hukoma ada isipolipwa. Afisa aliyefundishwa kuisoma picha ya kifua hakomi hivyo. Hata umeme ukipotea, ujuzi wake anao.

Enyi walimu na wanafunzi, kazi ipo. Mwalimu wa fizikia aeleze kwa nini mfupa ni mweupe pichani. Mwalimu wa hisabati aifanye ile hesabu ya watu 1,000, wanafunzi waone kwa nini anayeshukiwa si lazima awe mgonjwa. Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi wake zoezi la kuandika ripoti ya daktari kwa lugha ambayo mama muuza mboga ataielewa bila mkalimani. Nasi wa vyuo vikuu tuache kuyafungia maneno ya kitaalamu katika kamusi zetu, tuketi na maafisa wa kliniki, tukubaliane nao juu ya istilahi chache zinazofaa kutumika kesho asubuhi.

Asiyejua maana haambiwi maana, husema Waswahili wakijigamba. Katika ushairi na mafumbo methali hiyo ina utamu wake. Katika chumba cha daktari haina nafasi. Huko asiyejua maana ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa sababu kifua kinachosomwa ni chake.